Meno ya Mama Kwenye Glasi

Miaka minne nimeishi na kinyaa, tena kinyaa cha nyumbani. Nikienda kupiga mswaki, pembeni ya sinki kuna glasi, na ndani ya glasi kuna meno matatu ya mbele yamekaa kwenye ufizi wa plastiki, yananikenulia. Ya mama hayo. Mama mwenyewe alishakufa. Baba ni fundi wa meno ya bandia, alimtengenezea kwa mikono yake. Alipofariki, hospitali walimrudishia baba meno hayo kwenye kimfuko, na tangu siku hiyo anayabadilishia maji kila asubuhi utadhani anafuga samaki. Mgeni akiomba kunawa, natangulia mbio kuyaficha.

"Yamekukosea nini?" baba huwa ananiuliza.

Shule nimemaliza, kazi sina. Kwa hiyo nashinda nayo.

Jumamosi shangazi, dada yake baba, akaja kutusaidia usafi. Baba yuko karakana. Mara nasikia yowe bafuni.

"Mama yangu! Hiki nini?"

"Meno ya mama, shangazi."

"Mpaka leo? Sasa kaka yangu ataoa lini, na marehemu mkewe anamkodolea macho kutoka kwenye glasi?"

Akayachomoa kwa vidole viwili, akayaweka mbele ya midomo yake, akabana pua. "We mtoto! Umekula? Umeoga? Unanijibu kwa mdomo au kwa mabega?"

Sauti ya mama kabisa. Nikacheka mpaka nikashika ukuta.

"Nitupe?"

"Tupa."

Akayatia kwenye mfuko wa taka, akashuka nao. Aliporudi akaisuuza ile glasi, akajimiminia juisi, akanywa yote, akajifuta mdomo kwa kiganja. Nikatapika pale pale kwenye sinki. Kwanza nikadhani ni ile glasi. Wapi! Ni kile kicheko changu, bado nakisikia.

Saa sita baba anarudi kula. Nikashuka ngazi mbili mbili.

Chini, mzoa taka alikuwa anapakia mifuko kwenye mkokoteni. Wetu ulishapasuka na kuchanganyika na ya jengo zima. Nikapasua wa kwanza: matumbo ya samaki. Wa pili, nepi.

"Bwana mdogo, umepoteza pete ya ndoa?"

"Meno."

"Si unayo mdomoni hapo?"

"Ya mama."

"Na yeye kakaa juu anasubiri wewe ushike mavi ya watu kwa mikono? Mwambie ashuke."

"Amekufa."

Jamaa akavua glovu moja, akanipa, na yeye akaingiza mkono kwenye mfuko mwingine. Funza. Wali uliochacha. Nywele za mtu. Tulitafuta mpaka nikaacha kuziba pua. Nikayapata yamenata kwenye nepi, yamepakwa kitu sitaki kukitaja.

Nikapanda nayo mbio, nikayasugua kwa dawa ya meno, povu mpaka viwiko. Nikageuka, baba huyo mlangoni. Nyuma yake shangazi anatazama sakafu.

"Nani kayatoa humu?"

"Mimi ndiye niliyesema yatupwe," nikasema.

Niliusubiri mkono wake shavuni. Haukuja. Akayachukua, akayainua dirishani, akayageuza taratibu kama anakagua kazi ya mteja.

"Umeyasugua kwa dawa ya meno?"

"Ndiyo."

"Inachubua plastiki. Sabuni tu, na maji ya vuguvugu. Mara ngapi nilimwambia mama yako! Naye mbishi, kila..." Akanirudishia. "Anza upya."

Nikaanza upya. Yanateleza, ya baridi, kama konokono. Baba kasimama begani kwangu, ananuka vumbi la plasta.

"Upande wa ndani. Hapo. Hapo ndipo ulimi wake ulikuwa unagusa."

Kinyaa kikanipanda mpaka kooni. Nikakimeza, nikaendelea kusugua pale pale.