Mwezi wa Jenereta

"Nimesema nilizima," muuza matairi alisema. "Sebuleni nilizima, jikoni nilizima, hata friji nikaichomoa, maziwa yanaharibika huko ndani. Unataka niape kwa nini sasa?"

"Na hiyo inayowaka ni nini?" Nesi hakunyoosha kidole nyumbani kwa jirani yake. Alikinyoosha chini, barabarani. "Watu tumekaa gizani tangu magharibi kama panya kwa ajili ya dirisha lako."

"Langu limezimwa. Angalia la kwako."

Nesi akaangalia. Juu, ukutani, dirisha lake lilikuwa jeusi kama alivyoliacha. Chini, kwenye lami iliyomwagiwa maji, dirisha hilohilo lilikuwa linawaka.

"Hilo ni jambo jingine," alisema, na akajifunga khanga upya.

Watu wa sinema walikuwa wameuchagua mtaa ule kwa sababu ni mfupi, nyumba zake sita zinatazamana, na mwisho wake kuna ukuta ambao nyuma yake jenereta linaweza kunguruma bila kuingia kwenye sauti. Walitaka usiku ambao umeme umekatika: mwanamke anarudi nyumbani peke yake, mtaa mzima giza, kuna mwezi tu. Mwezi wenyewe walikuja nao. Ulikuwa taa kubwa kama kitanda cha watu wawili, imefunikwa kitambaa cheupe na kuning'inizwa kwenye kreni, na fundi taa aliupandisha na kuushusha kwa kumpigia mwenzake mluzi. Kabla ya yote, gari la maji lilipita likailowesha lami kuanzia mwanzo wa mtaa hadi ukutani. Wakazi walidhani ni kwa ajili ya vumbi. Fundi taa akawaeleza kwamba lami kavu inameza mwanga wote, kwenye picha barabara inakuwa shimo; ikilowa inaurudisha. Ndiyo maana usiku wa sinema kila mara unaonekana kama umetoka kunyeshewa.

Kazi ya wakazi ilikuwa moja tu, kuzima taa. Walizima. Na maji yakawa yanaonyesha madirisha yanawaka.

Mwongozaji aliikodolea macho runinga yake ndogo. "Nani hajazima?"

Fundi taa alipita nyumba kwa nyumba, akakuta giza na watu wenye kinyongo. Akarudi, akachuchumaa, akaelekeza kipimo chake cha mwanga kwenye nyumba, kisha kwenye maji.

"Juu hakuna kitu," alisema. "Chini kuna taa za kutosha."

"Basi zima za chini."

"Za chini hazina swichi, bosi."

Mwongozaji alifikiri kidogo, akasema watazipiga vitambaa vyeusi nyumba zote, waone taa itapitia wapi. Kazi ikaahirishwa hadi kesho. Wakazi waliwasha taa zao, na usiku ule kila mtu alichungulia dirisha la mwenzake kabla ya kulala. Muuza matairi alimwambia mkewe kwamba nesi ana jambo. Nesi alimpigia dada yake simu na kumwambia kwamba muuza matairi ana jambo. Mwenyekiti wa mtaa, ambaye nyumba yake ndiyo ya ghorofa, alisema watu wa sinema si watu wa sinema. Kwa maoni yake walikuwa wametumwa.

"Na nani?" mkewe akamuuliza.

"Hao waliowatuma."

Vitambaa alipewa Mama Pindo. Alikuwa fundi cherehani, na chumba chake ndicho cha kwanza unapoingia mtaani, kile kilichojengwa kwa ajili ya mlinzi. Mlinzi alikuwa mumewe. Mtaa mzima ulimwita Tochi, kwa kuwa hata mchana alitembea nayo mkononi, na akikusalimia alikumulika kwanza ndipo akakuita jina. Aliugua pumu miaka yote. Usiku mmoja Mama Pindo akiwa kwa mdogo wake aliyejifungua, pumu ilimbana, na asubuhi walimkuta amekaa chini, mgongo ukutani kwa Mwenyekiti, tochi imezimwa na imo mfukoni.

Mwenyekiti ndiye aliyetoa maelezo. Umeme ulikatika tangu jioni, alisema, watu tukalala mapema, na marehemu naye, tusimseme vibaya, alilala. Mlinzi wa zamu huzimi tochi ukaiweka mfukoni ila kama unakwenda kulala. Watu walitikisa vichwa kwa huruma. Kampuni ya ulinzi ikasikia hivyo, ikaandika hivyo, na mtu akazikwa hivyo: mlinzi aliyekufa usingizini kazini.

Mama Pindo alikuwa akiuliza swali moja tu tangu siku ile. Alimuuliza nesi akimpima gauni, akamuuliza muuza matairi akimkunjia suruali, akawauliza wote kwa sauti ya kuuliza bei ya sukari. "Eti aligonga?" Kila mmoja alimjibu kwamba umeme ulikatika. Hakuna aliyewahi kumjibu kwamba hakugonga, na hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi.

Siku ya pili alishona vitambaa vyeusi kutwa nzima. Jioni watu wa sinema wakavitundika kwenye kila dirisha, wakabana kingo kwa utepe, na mtaa ukawa mweusi kama ndani ya buti. Gari la maji likapita. Fundi taa akapiga mluzi, mwezi ukapanda.

Chini, kwenye maji, madirisha yote yaliwaka. Kisha moja baada ya jingine yakazimika, watu wakatoka kwenye nyumba zao wamevaa vizuri, kichwa chini miguu juu kama ilivyo kawaida ya maji, wakaingia wote kwa Mwenyekiti. Nyumba ya Mwenyekiti ikabaki inawaka peke yake, pazia la chumba cha kulia likiwa wazi.

"Huyo ni mimi?" muuza matairi aliuliza. Wakazi walikuwa wamejipanga ukingoni mwa barabara tena, hakuna aliyetaka kubaki ndani akisimuliwa.

"Ni wewe," mkewe alisema. "Shati lile lilikuwa bado linakutosha."

"Nilikuwa mwembamba."

"Ulikuwa na afadhali."

Walitazama karamu yao. Ilikuwa siku ambayo Mwenyekiti alipandishwa cheo kazini; meza ilijaa, viti vilikuwa vimeazimwa nyumba zote sita. Watu waliokuwa ukingoni walianza kukumbushana nani alikaa wapi na nani alimwagia nani soda, na kwa muda palikuwa na kicheko. Kisha kwenye mdomo wa mtaa, chini ndani ya maji, kikatokea kimwanga kidogo kinachotikisika. Kicheko kikakatika kila mtu kwa wakati wake.

Mama Pindo alikuwa amesimama karibu na kreni, sindano bado imechomekwa kifuani kwenye blauzi.

"Tunarekodi," mwongozaji alisema, kwa kuwa jenereta lilikuwa linakunywa mafuta. Mwigizaji akaanza kutembea, mwanamke anayerudi nyumbani peke yake. Chini yake Tochi naye alikuwa anatembea, nyayo zake zimegusana na nyayo za mwigizaji. Alikuwa ameinama, mkono mmoja kifuani. Aligonga geti la nesi. Aligonga la muuza matairi. Maji hayana sauti, lakini mkono ulionekana ukipiga bati. Nyumba hizo zilikuwa tupu, wenyewe walikuwa karamuni, akasogea. Alipofika kwa Mwenyekiti aligonga kwa kiganja, kisha alipoishiwa nguvu akainua tochi, akamulika dirisha la chumba cha kulia. Akazima, akawasha. Akazima, akawasha.

Ndani, nesi aligeuka, akatazama mwanga, akasema neno kwa aliyekaa pembeni yake. Mwenyekiti alinyanyuka na paja la kuku mkononi, akaja dirishani, akachungulia, akafunga pazia.

"Ulisema nini pale?" mke wa muuza matairi alimuuliza nesi.

"Lini?"

"Pale."

"Nilisema huyu naye kanusa chakula," nesi alisema. Kisha akaongeza, "Na kwanza lile gauni sina tena, kwa hiyo sidhani kama ni mimi."

Tochi alikaa chini ukutani. Tochi yake ilibaki inawaka juu ya mapaja, ikimulika getini. Baadaye geti lilifunguka kidogo na Mwenyekiti akatoka peke yake. Alisimama pale muda ambao mtu husimama akitafuta ufunguo. Alimgusa Tochi bega kwa ncha ya kiatu. Akainama, akaizima tochi, akaitia mfukoni mwa Tochi, akaingia ndani. Baada ya hapo wageni walitoka wakiagana, wakapita gizani, na hawakuona kitu, isipokuwa waliotaka kuona.

"Kata," mwongozaji alisema. "Nzuri sana. Tunaiacha hivyohivyo."

Mwenyekiti mwenyewe, yule wa juu ya maji, aliyekuwa amesimama ukingoni na wenzake, alikohoa. Alimwendea dereva wa gari la maji na kumuuliza maji yale yametoka wapi.

"Bombani, mzee."

"Hayajachujwa. Maji yasiyochujwa huwezi kuyategemea."

Dereva alikubali kwamba hayajachujwa. Muuza matairi akaunga mkono, akasema pia kwamba kitu chochote kinachoonekana kichwa chini mahakama haiwezi kukipokea. Wakazi walilijadili hilo kwa utulivu na kukubaliana, huku kila mmoja akimkazia macho mwenzake aone nani ataanza kusema vingine. Hakuna aliyeanza. Wakaenda kulala. Usiku ule hakuna aliyechungulia dirisha la mtu.

Fundi taa alibaki akikunja nyaya. Alimwona Mama Pindo hajaondoka.

"Dada, naweza kukuachia mwezi kidogo," alisema. "Mafuta yaliyobaki yatatosha."

"Unaweza kuurudisha mwanzo?"

"Mimi nawasha tu. Hayo mengine yanajiendesha."

Akauacha. Mama Pindo alileta kigoda na akakitazama tena kile kimwanga kikitoka mdomo wa mtaa. Mara ya pili alitazama mkono tu, namna unavyogonga. Alipomaliza alimshukuru fundi taa, akamuuliza kama vitambaa vilibana vizuri. Fundi taa akasema vilibana vizuri sana, taa haikupita hata kwenye tundu la sindano.

Watu wa sinema waliondoka asubuhi na mwezi wao. Lami ilikauka mtaa mzima isipokuwa mbele ya geti la Mwenyekiti, ambapo dimbwi la ukubwa wa mkeka lilibaki palepale, jua kali au la. Walimwaga mchanga, mchanga ukalowa. Mwenyekiti alileta fundi bomba akachimba, hakukuwa na bomba. Watu wakazoea. Gari zilikata kona kulikwepa, mke wa muuza matairi alilitumia kujitazama kilemba, na kila jioni taa za mtaa zikiwaka kile kimwanga kilitokea ndani yake, kikagonga, kikamulika, kikazimwa. Wageni waliambiwa, "Hapo ruka kidogo," basi.

Mama Pindo alikwenda kwenye kampuni ya ulinzi. Walimsikiliza vizuri. Mkubwa wao alikuja hadi mtaani, akasimama ukingoni mwa dimbwi mikono mfukoni, akaangalia hadi mwisho. Alisema ameona. Alisema pia kwamba kwa maelezo waliyonayo marehemu alilala kazini, na maelezo yalitolewa na mwenyekiti wa mtaa, mtu anayeheshimika. Akaruka dimbwi, akaondoka.

Jioni ileile Mama Pindo alifunika cherehani yake, akatembea hadi kwenye geti la ghorofa. Hakuwahi kuligonga tangu msiba; nguo zao walikuwa wakimletea. Alisimama ukingoni mwa maji, akagonga kwa kiganja.

Chini yake mkono mwingine ulikuwa umeanza kugonga pia.

Geti lilifunguliwa mara moja. Mwenyekiti alikuwa na kitambaa cha kufutia mikono begani. Nyuma yake taa zote zilikuwa zinawaka, na sauti za watu zilisikika, nesi akiwa mmojawapo, na vijiko.

"Shemeji," alisema. "Karibu. Kwema?"

"Kwema. Nimekuja kuuliza. Eti aligonga?"

Mwenyekiti hakuangalia chini. Aliangalia mabegani kwa Mama Pindo, kama mtu anayetafuta uzi wa kumtoa.

"Umeme ulikatika, shemeji," alisema kwa upole. "Unajua mwenyewe usiku ule ulivyokuwa."

Mama Pindo akatazama chini. Kwenye maji tochi iliinuliwa, ikawaka, ikazimika, ikawaka.

"Nani huyo unamsimamisha getini?" mkewe aliita kutoka ndani. "Ni Mama Pindo? Jamani, mwenzetu anakaa peke yake huko na kikombe cha chai. Mwambie apite, nimeshamwekea sahani."

Vijiko vilitulia mezani. Kwenye maji mtu alikuwa anakuja dirishani na paja la kuku mkononi.

Mwenyekiti alilisukuma geti mpaka likagonga ukuta, akasogea pembeni kumpisha.

"Umesikia," alisema. "Ruka hapo kidogo usilowe, shemeji, uingie tule."