Midomo ya Edna Grimshaw

Katika viwanda vya nguo vya Lancashire mitambo hupiga kelele hata sikio likawa pambo tu, kwa hiyo wafumaji huzungumza kwa midomo bila sauti. Wana neno lao kwa kila mtikisiko. Wobble ni kuyumba kwa kitu kisichokaa sawa. Rattle ni kugongana kwa vitu vilivyolegea. Judder ni mtetemo wa kushtukashtuka unaopanda kutoka sakafuni hadi kwenye meno.

Nell Grimshaw alimwonya meneja, Bwana Ormerod, kwamba sakafu ya juu ina judder.

"Nyie wanawake kwa maneno hamjambo," meneja akasema. "Rudi kazini."

Sakafu ikaporomoka kabla ya saa ya chai, Nell akafa. Ormerod alimwapia hakimu kwamba hakuna aliyemwonya. Boriti zilezile mbovu zikapigiliwa upya.

Edna, dada mkubwa wa Nell na mfumaji mwenzake, hakulia. Kwenye karamu ya chai kanisani alimkazia Ormerod macho, akatamka kwa midomo: wobble. Kiti cha Ormerod kikaanza kuyumba, na tangu hapo kila alichokalia kiliyumba.

"Tia gazeti chini ya mguu, mume wangu," mkewe akamwambia.

Jumapili ya pili Edna akampa rattle. Meno yake yakagongana kutwa kucha, mkewe akahamia chumba kingine. Edna alifurahi, wala hakuona haya kufurahi. Mwisho akampa judder, neno la Nell mwenyewe.

Ormerod alikuja mlangoni kwa Edna akishikilia ukuta. "Bi E-Edna, nio-nionee hu-huruma."

"Kamwambie hakimu ukweli. Mimi sitaki kingine."

Kalamu ya kuandikia ungamo haikukaa mkononi mwa Ormerod, kwa hiyo alisimama mahakamani akasema. Maneno yalitoka vipandevipande, hakimu asiambulie hata moja. Lakini wafumaji walisoma midomo yake, wakaelewa yote.

"Kakiri huyo! Kasema Nell alimwonya!"

"Mahakama husikia kwa masikio," hakimu akasema. Akafunga shauri, akamshauri Ormerod akapumzike pwani.

Edna alijuta. Alitaka kumtuliza ili aseme upya, akatafuta neno la utulivu, lakini wafumaji hawakuwa nalo.

Jumatatu alikuja meneja mpya, kijana mpole, akawahakikishia kwamba sakafu ni salama. Edna akapanda ngazi na wenzake, kwa kuwa mjini hapakuwa na kazi nyingine.