Filimbi ya Wifi

Wivu, jamani, dawa yake haiuzwi dukani. Tangu msimamizi wa karakana ile ya kushona sare amvishe wifi yake filimbi ya unyapara, Mama Vifungo hakujua raha. Walianza kazi siku moja, yeye na huyo dada wa mumewe! Sasa wifi akipuliza, cherehani zote kimya, mikono mezani, na yeye, mtu mzima na akili zake, ananyamaza kama wenzake.

"Inamning'inia kama kengele ya mbuzi," alisonya. Lakini moyoni? Aliitaka kufa.

Asubuhi hiyo Bibi Pindo, mshonaji mzee aliyewafundisha wote kutunga uzi kwenye sindano, alipachika mkono wa kulia wa shati upande wa kushoto. Msimamizi akamwamuru wifi ampandishe juu ya stuli, shati lile shingoni, asimame hivyo mpaka saa ya chakula, wengine wapate funzo.

Wifi akaivua filimbi, akaiweka mezani. "Huyu ni mama yangu kiumri, bosi. Hilo siwezi." Akarudi kwenye cherehani yake.

"Nani anaweza?"

Mkono wa Mama Vifungo ulikuwa juu hata kabla hajafikiri. Akaivaa, akapuliza. Hee! Chumba kizima kikatulia, hata wifi mikono mezani. Utamu alioupata usiniulize.

"Panda, bibi."

Bibi Pindo akapanda. Kila mshonaji alimtazama jirani yake aseme neno, na jirani naye alikuwa anamtazama yeye. Msimamizi akacheka. Akacheka mmoja, akacheka wa pili, mwisho karibu wote wakacheka.

Stuli ikayumba. "Mwanangu, nishike mkono nisianguke," Bibi Pindo alimwambia Mama Vifungo, kwa sauti ileile aliyomfundishia kazi.

Mkono wa Mama Vifungo ukanyanyuka, ukasita. Akamgeukia msimamizi kwanza, amwombe ruhusa kwa macho. Msimamizi alikuwa anachezea simu yake.

Alipogeuka tena, Bibi Pindo alikuwa ameshashikwa. Wifi alikuwa amesimama pale, hakumwomba mtu ruhusa. Kicheko kikakatika. Huyu akaleta kiti, yule akaleta maji, na filimbi hakuna aliyeikumbuka.

Mama Vifungo akabaki nayo shingoni, roho ikimsokota kwa gere ileile ya jana. Hata mkono wa bibi, wifi kamuwahi!