Majina Kumi na Moja

Mama Fortunée hakukubali kiti. Aliingia katika kibanda cha Colette, akaweka karatasi nne mezani na kusema, "Mutoto wangu haiko ndani."

Colette alizijua karatasi zile bila kuzitazama, maana alizichapa yeye. Kila mwezi wa sita, kwa siku sita, mtaa huu wa Tshopo huwakumbuka watu wake waliokufa mwaka elfu mbili, majeshi mawili ya kigeni yalipopigana ndani ya Kisangani kana kwamba mji hauna wenyewe. Siku ya kwanza na siku ya sita majina husomwa kanisani, mia tatu na kumi na mawili, nyumba kwa nyumba, barabara kwa barabara, na kila familia husimama jina lake linapofika. Miaka yote katekista aliyasoma kutoka kwenye kaye, daftari lililoandikwa kwa mkono. Mwaka huu kaye ilikuwa imeanza kuachia kurasa, kwa hiyo kamati ya ukumbusho ikampelekea Colette aichape. Ukitaka kazi ya chapa isiyo na kosa, ulikwenda kwa Colette, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kukwambia hivyo.

"Jana nilisimama," Mama Fortunée alisema. "Balisoma nyumba ya ba Lofemba, nikasimama, sababu kisha bale ni siye. Bakapita. Batu bote bananiangalia, niko mwenye kusimama bule. Nikaikala."

"Mama, haiwezekane."

"Sema tu ukweli, Mama Colette. Kamati ilikuambia utoshe majina ya batoto ya bakuyakuya?"

Neno hilo, la watu wa kuja tu, lilimchoma Colette. Mama Fortunée alitoka Butembo akiwa bibi arusi, na kwa zaidi ya miaka thelathini ameuza vitambaa kwa jumla hapa hapa mtaani. Kila maiti aliyeombolezwa mtaani amevikwa kitambaa chake. Kama yeye ni wa kuja, basi mwenyeji ni nani?

"Naapa mbele ya Mungu, nilimuandika," Colette alisema. "Mbusa Lionel, miaka tisa. Vidole yangu inamukumbuka."

Akaichukua kaye, akafunua ukurasa. Jina lilikuwepo, na pembeni yake alama ya penseli, kwa maana Colette hutia alama kila anapomaliza mstari. Kisha akatazama karatasi iliyochapwa. Ba Lofemba walikuwapo, na jirani wa upande wa pili alikuwapo. Katikati yao hapakuwa na mtu.

Mama Fortunée aliweka kidole kwenye ile alama. "Donc uliandika. Kisha mutu akamutosha." Akafunga kilemba chake vizuri. "Siku ya sita mutasoma benyewe. Miye sitakuya."

Akaondoka. Ilikuwa Ijumaa, na siku ya sita ilikuwa Jumanne. Colette alibaki na kaye mapajani, roho juu, akijua kwamba mwanamke yule angeishi miaka iliyombakia akiamini kuwa majirani zake walikaa kikao wakamfuta mwanawe.

Alimpigia simu Faustin, fundi wa kompyuta aliyekuwa na meza yake mbele ya soko. Alimweleza kwamba mashine imekula jina. Faustin alicheka kidogo, kisha alipoambiwa jina ni la nani, akaacha kucheka.

"Madirisha ingali inatokea?" aliuliza.

"Inatokea sana."

Madirisha hayo ya matangazo kwenye skrini yalianza mwezi wa nne, baada ya mwanafunzi mmoja kuchomeka flash yake ili achapiwe kazi yake ya kumaliza masomo. Lilitokea moja: umeshinda simu mpya. Likatokea lingine: mashine yako ni nzito, bonyeza hapa. Mengine yalileta wanawake waliosahau nguo, mbele ya wateja wa kanisa. Colette aliyafukuza kama unavyofukuza kuku jikoni, kisha akaendelea na kazi. Hakuwahi kujiuliza yalikuwa yanakula nini.

Faustin alifika saa nane, akawasha mashine na kufanya yale aliyoyafanya mara zote. Alipitisha dawa ya virusi, ikakamata viwili, akavifuta. Baada ya robo saa dirisha likajitokeza tena, linauza miwani. Akakata intaneti. Dirisha lingine likaja bila intaneti, jeupe, halina picha, lina vitufe viwili tu. Hapo Faustin akavuta kiti karibu.

"Bon. Haitoke inje. Iko humu ndani."

Akafungua orodha ya programu zote zilizomo. Kumi na nne kati yazo hakuzijua, na Colette hakuzijua pia. Faustin akasoma tarehe na saa za kuingizwa kwazo.

"Tarehe kumi na kenda, mwezi ya tano, saa ine ya asubui. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naandika kaye."

"Siku yenye ilifuata, saa tano?"

"Kaye."

Faustin akakuna kidevu. "Andika kidogo, Mama. Ukurasa yoyote. Miye nitaangalia skrini."

Sasa ni lazima ujue namna Colette anavyoandika. Alifundishwa na masista kwenye mashine nzito za chuma, vidole vikiwa chini ya kitambaa na macho yakiwa kwenye karatasi anayonakili. Aliyeinua macho alianza ukurasa upya. Kompyuta zilipofika Kisangani, Colette alibadilisha mashine, hakubadilisha macho. Wasichana wa vibanda vingine huandika huku wakichungulia skrini kila neno, naye aliwaonea huruma. Hata kurudia kusoma kazi yake aliacha siku nyingi, kwa sababu kosa halikuwahi kuonekana.

Akaanza kuandika kutoka kwenye kaye. Vidole vilikimbia. Faustin alitazama skrini kutoka nyuma ya bega lake, dakika tano, dakika kumi, kisha akasema polepole, "Mama Colette, simama."

Akainua macho. Katikati ya skrini lilikaa dirisha jeupe likiuliza kama anakubali. Chini yake ukurasa ulikuwa umeishia kwenye jina la mtu aliyemwandika katika mstari uliotangulia.

"Ikitokea, inanyanganya ukurasa vidole yako," Faustin alisema. "Yote unaandika inaingia kule, inapotea. Kisha unafika mwisho ya mustari, unapiga kitufe ya Entrée, ile ya kushuka mustari. Dirisha inasikia: oui, umekubali. Inafungika, inaenda kuita benzake."

"Kila Entrée?"

"Ile yote inaikuta wazi. Programu kumi na ine, Mama. Hakuna mwizi alivunja mulango. Ni weye ulibafungulia."

Faustin aliziondoa zote moja moja, akaitafuta na ile iliyopangiwa kuamka kila baada ya robo saa, akaifuta pia. Wakakaa nusu saa wakisubiri, na hakuna kilichojitokeza. Kisha wakashika kazi iliyokuwa imebaki: Faustin anasoma kaye, Colette anafuata kwa kidole kwenye karatasi zilizochapwa. Yalikosekana majina kumi na moja. Kila moja lilikuwa na alama ya penseli pembeni yake.

Aliona haya, haya inayowasha mwili mzima. Watu kumi na mmoja waliuawa mara ya kwanza na mabomu, naye akawapoteza mara ya pili kwa sababu ya kiburi cha kutotazama.

"Sema ni virus," Faustin alisema kwa huruma alipokuwa akifunga mfuko wake. "Batu batakubali. Huku kila kitu ni virus."

Ilikuwa kweli, wangekubali. Colette aliandika orodha upya jioni ile, macho kwenye skrini, polepole kama mtoto wa darasa la kwanza. Aliisoma mara mbili. Asubuhi akaenda dukani kwa Mama Fortunée, akamkuta kati ya marobota ya vitambaa.

"Hakuna mutu alimutosha," alisema kabla hata ya kusalimia. "Kamati hawakusema kitu. Ni mukono yangu. Madirisha ilifunguka, sikuangalia, jina ikaingia mule ikapotea. Ningesoma tena ningeona. Sikusoma."

Mama Fortunée alishika ukingo wa meza. "Hakuna mutu?"

"Hakuna, Mama. Ni miye tu."

Mama Fortunée akalia, si kwa sauti, akijifuta kwa kitambaa cha kuuza. Alipotulia akachukua orodha mpya, akamtafuta mwanawe, akamkuta mahali pake baada ya ba Lofemba. Kisha akaona duara za penseli kwenye majina mengine kumi.

"Na bale?"

"Hawajakuya kuuliza."

"Alors tuende siye," Mama Fortunée alisema, na akamwachia binti yake duka.

Walianza na nyumba ya jirani, wakafuata za barabara ya pili. Kila mahali Colette alisema maneno yale yale, na hayakuzidi kuwa mepesi. Nyumba ya nne ilikuwa ya Papa Désiré, aliyekuwa mpakiaji wa mizigo ya ndege kule Bangboka hadi mgongo ukamkataa. Walimkuta uani akimenya mbika, mbegu za maboga. Jina lililopotea lilikuwa la mkewe.

"Papa, juzi haukusikia kama habakumusoma?" Colette aliuliza.

"Nilisikia."

"Juu ya nini haukukuya kusema?"

Mzee aliendelea kumenya. "Nilisema pengine imetosha. Miaka makumi mbili na tano. Nilisema pengine batu banachoka naye."

Colette alimweleza kuhusu dirisha na mkono wake. Papa Désiré, ambaye hajawahi kugusa kompyuta, alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kitu kimoja.

"Sasa iko?"

"Iko, Papa."

"Soma."

Colette akafungua karatasi. "Bolamba Chantal, miaka makumi tatu na moja."

Mzee aliweka bakuli chini. Akamwomba asome tena, polepole, na Colette akasoma tena.