Bakuli la Langoni

Wateja walimbatiza Fundi Kesho, na jina hilo hakusingiziwa, alilitolea jasho. Suruali ya kupunguza? Njoo kesho. Gauni la harusi? Kesho, dada, limebaki vifungo tu. Ubaya ni kwamba hata mama yake mzazi alimfanya mteja. Miaka nenda miaka rudi mama alimwomba kitu kimoja tu: mwanangu, nipeleke kwenye ngome ya mfalme nikakuonyeshe alikolala baba yako. Naye, mguu kwenye cherehani, pini mdomoni, humjibu kesho, mama, kazi zimenibana. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini tumbo lililoumia halikuwa lake.

Alipopata nafasi, akili ya mama ilikwishaanza kumtoka. Siku nyingine alimjua mwanawe, siku nyingine alimwita bwana. Asubuhi ya safari alichemsha viazi mwenyewe, akavitia kwenye bakuli la bati, akalifunga kwa kitambaa. Fundi akadhani ni chakula cha njiani.

Ngome siku hizi ni makumbusho. Wafalme walikwisha, lango limepakwa rangi, watu wanapigana picha mahali ambapo wenzao walilia. Mama alifika langoni akagoma. Fundi akambembeleza, akamwonyesha tiketi, wapi! Jamaa hawaruhusiwi kuingia, mama alisema, akamnyooshea mkata tiketi bakuli kwa mikono miwili.

"Mpe mume wangu. Mwambie mtoto hajambo."

Mkata tiketi, bwana mpole mwenye miwani, alimtazama fundi. Fundi akamkonyeza: pokea tu, ndugu yangu. Akapokea, akaingia nalo ndani. Mama akaketi kwenye kibaraza, ametulia kama mtu aliyetua mzigo.

Hapo ndipo fundi alipokumbuka. Hadithi yenyewe alikwishaisikia mara nyingi, kwa sikio moja, la pili likiwa kwenye cherehani. Baba alipofungwa humo, mama alikuwa akileta chakula langoni, askari wanakipeleka ndani. Bakuli likirudi tupu, mume yu hai. Siku moja likarudi limejaa. Hakuna aliyemwambia neno, wala hakupewa maiti azike.

Fundi akakurupuka amuwahi yule bwana. Amechelewa, kama kawaida yake. Bwana alikuwa tayari anatoka, bakuli mkononi, kitambaa kimefungwa vilevile. Mwaminifu wa watu, hakuona haki kula chakula kisicho chake.

Mama akalipokea. Alilipima uzito mkononi, hakulifungua. Uso ukamporomoka, na fundi akaiona kwa macho siku ile aliyoikwepa kwa masikio maisha yake yote. Alijuta mpaka mifupa ikamuuma. Akapiga magoti mbele yake, akambembeleza kwamba mumewe si mgonjwa wala hajafa, leo ndani walipewa chakula wakashiba, ndiyo maana hakugusa. Maneno ya mtu aliyezoea kudanganya wateja, na mama hakuyanunua. Akamtazama mwanawe kwa huruma, kama anavyotazamwa mgeni anayejitahidi kufariji.

"Ahsante, bwana," alisema. "Nina mtoto mchanga nyumbani. Akikua nitamleta hapa, nimwonyeshe alikolala baba yake."

Fundi, kichwa kimejaa mvi, akampokea lile bakuli.

"Mlete mapema, mama," alimwambia. "Usikubali akuzungushe."