Minyoo Myeusi ya Mwalimu Longinus

Jumamosi ile ya Machi 2014 Epifania aliamka na furaha zake, na kabla chai haijapoa furaha zote zilikuwa zimekwisha. Sababu? Minyoo. Tena si minyoo ya kweli, minyoo ya mpira!

Mumewe, Mwalimu Longinus, mkufunzi wa hisabati pale Kasulu, alikuwa amepewa pakiti nzima na Mzungu mmoja wa mradi wa visima aliyekuwa anarudi kwao. Alipewa na fimbo ya kuvulia, na leo alitaka kuijaribu mtoni Makere. Sasa alikuwa ameipanga minyoo yote mezani juu ya gazeti: ya waridi yenye kumetameta, ya kijani, ya rangi ya chai, myeupe, myeusi tii. Yote laini, ukiigusa mkia unatikisika. Unachomeka ndoano ndani yake, unaitupa majini, samaki anajua ni chakula.

"Mto wa kwetu Makere siku hizi..." Epifania alianza.

"Ngoja kwanza, Mama Esteri, usinichanganye." Longinus akanyanyuka, akaenda dirishani. "Ghati! Ghati, hebu njoo unisaidie kuchagua!"

Ghati alikuwa jirani yao wa kota, afisa uvuvi aliyehamishiwa huku kutoka Musoma. Alikuwa hajaolewa, ana cheti cha mambo ya samaki na meno meupe ya kuchekea waume za watu. Hilo la meno alilisema Epifania, si mimi.

Akaingia, "Shikamoo Mama Esteri," akavuta kiti bila kuambiwa. Akashika mnyoo mmoja mmoja, akaunyoosha, akauachia, akaunusa. Mwalimu akamuuliza, "Sasa kwa kambale wa Makere tuchukue upi?" Halafu akanyamaza. Akashika kidevu, akatulia, akasubiri jibu.

Weee! Hapo ndipo roho ilipomuuma Epifania. Si kiti, si meno. Ni kule kusubiri. Miaka tisa ya ndoa, mtoto yuko darasa la pili, na huyu bwana hajawahi kumuuliza mkewe kitu akanyamaza namna ile. Tena mto wenyewe ni wa Makere! Epifania kazaliwa hapo, kaoga hapo, kavua hapo kwa kikapu na dada zake. Leo anaulizwa mtu wa Musoma?

"Mto ule niliukagua mwezi wa nane," Ghati alisema. "Maji yalikuwa maangavu. Chukua wa waridi na huu mweupe."

"Mwezi wa nane ni kiangazi," Epifania alisema. "Na juzi mvua..."

"Mama Esteri, itie hii miwili kwenye kikebe basi," Longinus akamkata, "sisi tunaangalia pikipiki."

Sisi! Epifania alibaki na minyoo yake na hasira zake. Juzi mvua ilipiga milimani kutwa nzima, na yeye alijua fika kwamba mto sasa ni tope tupu. Sawa. Akajiambia, kwenye tope la namna hiyo wa waridi angalau utaonekana. Mweusi je? Nani atauona mweusi ndani ya tope? Akairudisha ule wa waridi na ule mweupe kwenye pakiti, akatia miwili myeusi kwenye kikebe, akafunga mfuniko kwa nguvu. Waende wakakae juani hadi wachakae. Warudi mikono mitupu, wameshachokana, tuone kama Jumamosi ijayo ataitwa tena.

Alimkabidhi mumewe kikebe huku akitabasamu. Ghati akapanda nyuma ya pikipiki, akamshika Mwalimu begani. Begani, jamani, mchana kweupe, majirani wote wanaanika nguo! Epifania akaingia ndani akaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Saa tisa pikipiki ilirudi inapiga honi. Kambale watatu, mmoja mrefu kama mkono wa mtu mzima, bado anapiga mkia ndani ya gunia. Wamelowa matope hadi magotini, wanacheka.

"Mama Esteri, lete kisu!" Longinus alipaza sauti kwa furaha. "Huyu Ghati ni hatari! Nafungua kikebe nakuta myeusi. Nikasema, ahaa, kaona mvua, kaibadilisha kimyakimya. Hao kambale walikuwa wanagombania!"

"Nimemwambia si mimi, hasikii," Ghati alisema. "Mimi ningewaharibia. Maji yalikuwa tope, na kwenye tope rangi zote zinapotea. Mweusi peke yake ndio unaacha kivuli." Akamgeukia Epifania. "Ni wewe, Mama Esteri?"

"Nani, huyu?" Longinus akacheka. "Huyu anajua nini habari za chambo!"

Kisu kilikuwa mkononi mwa Epifania. "Ni mimi," alisema.

Kicheko cha Mwalimu kikakatika. Akamtazama mkewe kuanzia kichwani hadi miguuni, tena kwa heshima, kama mtu aliyeingiza mgeni mkubwa nyumbani bila kumtambua. "Wewe? Yewe! Sasa ulijuaje?"

Kusema kweli alikuwa amewekewa ushindi kwenye sahani. Angesema tu, nimekulia kwenye maji yale, basi, Ghati angerudi kwake na cheti chake. Maneno yalifika hadi ulimini. Lakini Ghati alikuwa anamtazama bila kejeli yoyote, anangoja kujifunza, na Epifania akashindwa kumdanganya.

"Sikujua kitu," alisema. "Nilitaka mkose. Nilitaka mrudi mikono mitupu, umchukie huyu, usimwite tena."

Nzi walikuwa wameshaanza kutua juu ya gunia.

"Wivu?" Longinus alisema. "Mama Esteri, wivu kwa ajili ya minyoo ya mpira?"

"Minyoo kitu gani! Nilitaka kukwambia mto umechafuka, ukaniambia ngoja. Nikarudia, ukaniambia nitie kwenye kikebe. Huyu ulimuuliza ukanyamaza ukamsikiliza. Mimi ni mkeo, Longinus. Mimi lini umeniuliza kitu ukanisikiliza?"

Mwalimu, mkufunzi mzima, mtu wa kusimama mbele ya watu mia, akageuza shingo.

"Ghati," alisema, "hebu nisaidie. Sasa hapa nimjibu nini?"

Ghati alikuwa ameshavaa viatu.

"Mwenyewe si huyo hapo, Mwalimu? Muulize," alisema, akatoka, akawaachia kambale wote watatu.