Kumwangusha Bata

Mwalimu mkuu alinigeuzia tableti nijionee mwenyewe. Maswali ishirini, na binti yangu hakupata hata moja.

"Mama, tusidanganyane," akasema. "Huyu bado. Darasa la kwanza mlete mwakani."

Pini alikuwa kwenye kiti cha wakubwa, miguu inaning'inia, ananitazama. Mimi ni fundi cherehani, na jina hilo alilipata kwa kuniokotea pini sakafuni kabla hazijanichoma.

Mwakani! Damu ilinichemka. Miezi minane tumehangaika na programu hiyohiyo ya maswali iliyokuwa kwenye tableti, ambayo shule yenyewe ilituagiza wazazi tuiweke kwenye simu. Kila asubuhi, kabla sijakanyaga cherehani, tulikaa wawili sakafuni katikati ya vitambaa, dakika ishirini, si zaidi. Sikumtupia simu nikaenda zangu. Wifi yangu alinicheka, eti mtoto analelewa na bata. Nikamjibu kwamba bata angalau hasengenyi.

Maana kwenye programu kuna bata. Anasimama darajani, anauliza, yanatokea majibu matatu. Ukipatia, anapiga makofi kwa mbawa na kukupa nyota. Ukikosea anateleza, chubwi, bwawani, halafu anaibuka na jani kichwani, amenuna. Nyumbani Pini alipatia mengi, ila alimwangusha mara mojamoja. Nilidhani amechoka.

"Mwalimu," nikasema, "mimi nikifumba macho nibonyeze ovyo, nitapata mangapi?"

Akafikiri. "Sita. Saba ukibahatika."

"Na huyu kakosa yote ishirini! Ili ukose yote lazima ulijue lililo sahihi, ulikwepe."

"Mama, kila mzazi anaona mwanawe ana akili."

"Wangu ana akili na ukaidi, na vyote kavitoa kwangu. Mpe tena."

"Utaratibu wetu ni mara moja."

"Basi utaratibu wenu utanikuta hapahapa." Nikavuta kiti mpaka mezani, nikaketi, nikapakata mkoba. "Sina haraka. Kazi za leo nimeshamaliza." Uongo mtupu. Nilikuwa na sare kumi na mbili hazijapigwa pindo.

Akanitazama, akatazama mlango ambako wazazi wengine walikuwa wakisubiri, akashusha pumzi na kufungua upya.

Nikamwinamia binti yangu. "Pini, sasa hivi bata asianguke."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Akanuna, kisha kidole kikaanza kazi. Herufi, nyota. Kuhesabu samaki, nyota. Alibonyeza bila kusita na bila raha, kama anayeosha vyombo alivyochafua mtu mwingine. Tulipofika swali la kumi mwalimu alivua miwani, akasogea.

"Mwanangu, kumbe unajua! Mbona mwanzo umekosea?"

"Nikipatia mama hacheki," Pini akasema bila kuinua kichwa. "Anasema haya, lingine."

Nilitamani ardhi inimeze. Bata alianguka mara ya kwanza wiki ileile baba yake alipofungasha nguo zake na kuondoka, na nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Alipopatia, mimi nilikimbilia swali linalofuata. Na asubuhi hii nilikaa pale ukutani nimekunja uso kwa woga, yeye akinigeukia baada ya kila swali. Mara ishirini mtoto alijaribu kunichekesha, mimi nikadhani anaomba msaada.

Pini aliendelea mpaka nyota zikafika kumi na tisa. Likabaki swali moja, na mwalimu alikuwa tayari na kalamu.

"Pini," nikasema. "Mwangushe."

"Mama!" Mwalimu alishtuka. "Anakaribia kupata yote!"

"Nimeona. Mwangushe, mwanangu."

Alinikazia macho kuhakikisha simtanii, kisha akabonyeza. Bata akateleza, akazama, akaibuka na jani kichwani. Nilicheka kwa sauti yangu yote ndani ya ofisi ya watu, mpaka wazazi wa nje wakachungulia mlangoni. Pini alicheka akaporomoka kitini, nikamdaka.

"Andika kumi na tisa," nikamwambia mwalimu huku nikijifuta machozi. "Na darasa andika la kwanza."

Akaandika.